Kaniki Katikati ya Blanketi la Harusi

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Niliacha shule darasa la nne nikiwa na kaptula moja, nikachunga ng'ombe wa watu kule Busi kwa ujira wa maziwa, nikauza ngozi, nikauza mbuzi, nikanunua ng'ombe wangu wa kwanza akiwa na kidonda mgongoni na kumponya mwenyewe kwa maji ya chumvi. Leo nina nyumba tatu Chang'ombe ya Dodoma, pikapu mbili na lori moja, na nikishuka kwenye mnada wa Chemba watu wananipisha njia bila kuombwa. Nimewahi kuona mtu akiuza ng'ombe mmoja mara mbili asubuhi moja. Mtu akija kunieleza maajabu huwa namwambia endelea, hilo nililiona zamani.

Na jicho langu, hilo usiulize. Ng'ombe simwangalii usoni kwanza, namzunguka. Halafu nanyanyua kiganja taratibu kuelekea jichoni mwake, vidole nimevitanua. Ukivibana, kiganja kinasukuma upepo, na hata ng'ombe kipofu atapepesa kwa kuuhisi ule upepo, nawe utalipa bei ya mzima. Vijana wengi hawalijui hilo. Mimi katika miaka yote ya biashara sijawahi kununua ng'ombe chongo bila kujua kwamba ni chongo.

Lakini habari ninayoiandika hapa ni ya mke wangu. Jicho lake moja lilikufa kabisa, na la pili likawa njiani kulifuata, yeye akiwa amekaa kwenye kiti cha mbele cha gari langu, bega kwa bega na mimi, safari baada ya safari.

Safari zenyewe zilianza watoto walipokwisha kutawanyika. Watatu walikuwa na miji yao, wa mwisho, binti, anasomea ualimu Singida. Nyumba ikawa kubwa. Mke wangu akasema kama ni kukaa kimya, afadhali akae kimya ndani ya gari. Akawa ananifuata minadani: Chemba, Kondoa, Kongwa, Manyoni, mpaka Singida. Akija anakuja na kikapu chake chenye mkasi, sindano, nyuzi na vipande vya vitambaa.

Alikuwa anashona mablanketi ya vipande. Asiyeyajua nimweleze. Unachukua mabaki ya vitenge, kanga, mashati, unayakata kwa kipimo kimoja na kuyaunga mpaka yanakuwa shuka zima la rangi rangi. Chini unaweka shuka lingine, katikati blanketi kuukuu au pamba, halafu unapitisha sindano kwa mkono kwenye tabaka zote tatu ili zishikane. Kwetu kwenye milima ya Kondoa baridi ya mwezi wa sita na wa saba haina mchezo, na bibi zetu waliyashona hayo kwa sababu hawakuwa na kingine. Mke wangu aliyashona kwa kupenda.

Mwanzoni alinitesa. Tukipita mahali penye fundi cherehani barazani, ananigusa mkono nisimame. Anasema dakika tano. Dakika tano zake nikaja kuzijua, ni saa nzima. Mimi nabaki kwenye usukani napiga honi, nina ng'ombe kumi na wanane wa kuwahi kupakia, na yeye huko ndani ameinamia kiroba cha mabaki ya vitambaa, anachambua kama anachagua mchele.

Siku moja pale Kondoa mjini nikachoka kupiga honi, nikashuka kwenda kumtoa. Lilikuwa duka la mzee mmoja mpole sana, majora ya vitambaa yamepangwa toka sakafuni mpaka darini, na pana harufu ile ya kitambaa kipya, ya wanga na mafuta ya taa kidogo. Nikaegemea kaunta. Nikaanza kugusagusa. Yule mzee akanifungulia kitenge kimoja, akanifungulia cha pili, akaniuliza kipi bora. Nikamwambia cha pili, kwa sababu cha kwanza ukikigeuza mgongo wake umefifia, na kitenge cha kweli kina sura pande zote mbili. Hakuna aliyenifundisha. Ni akili ya mnadani tu, kwamba mnyama lazima umwangalie na upande anaokuficha. Yule mzee akacheka, akasema mke wangu amekuwa akija na tochi kumbe taa kubwa ameiacha garini.

Basi nikanogewa. Sioni aibu kusema. Tangu siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuona cherehani barazani na kuwasha indiketa. Pale Chemba siku za mnada, akina mama wa vitenge wanatandika turubai upande wa pili wa zizi, nami nikimaliza kununua ng'ombe navuka na mavumbi yangu kwenda kukagua mali. Walinijua. Walikuwa wananiita mzee wa vipande, nami sikukasirika. Mafundi wa Chang'ombe walikuwa wananiwekea viroba vya mabaki bure, maana wengine waliishi kwenye nyumba zangu. Nilikuwa na uwezo wa kukwambia kipande hiki kilikuwa gauni la harusi, hiki sare ya kwaya, hiki kanga iliyofuliwa mara mia. Na huko barabarani, kutoka Kondoa kushuka Dodoma, tulikuwa na maongezi ambayo hatukuwahi kuwa nayo. Mke wangu aliniuliza: kile cha njano tulichokiacha, njano yake ni ya alizeti au ya yai? Mwanzoni nilijibu njano ni njano. Baadaye nikawa najibu kama shahidi mahakamani. Njano ya alizeti iliyokaa juani siku tatu. Kijani cha majani ya mtama mvua ikiwa imechelewa. Yeye anafumba macho, anasikiliza, anatabasamu. Nilidhani ananipa heshima.

Halafu yakaja madarasa. Nyuma ya duka la yule mzee palikuwa na chumba, na kila Jumamosi mwalimu mmoja, mama wa Kitanga aliyeolewa Kondoa, alifundisha wanawake ushonaji. Yeye blanketi la vipande aliliita mfarishi, ndivyo wanavyoita kwao pwani. Mke wangu alijiunga. Jumamosi mbili nilimsubiri nje, ya tatu mvua ikanyesha nikaingia ndani, na nikiwa ndani siwezi kukaa kama mzigo. Nikaomba sindano.

Wanawake kumi na wanne na mimi. Mmoja wao, mama kijana wa Kirangi mwenye mdomo usiojua kupumzika, akaniuliza, "Baba, leo umekuja kushona au kupiga chapa ng'ombe?"

Nikamwambia mimi chapa napiga mara moja haifutiki, na mishono yangu itakuwa hivyo hivyo. Kweli haikufutika. Mwalimu aliitazama, akasema mzee, hiyo mishono inatembea kama mlevi anayetafuta mlango. Darasa zima likacheka, na mke wangu akacheka mpaka akafuta machozi. Lakini sikuacha. Ndani ya miezi mitatu nilikuwa naunga vipande tisa bila kupindisha kona, na nilimwambia kila dereva na kila dalali ninayemfahamu kwamba hakuna kazi duniani ninayoshindwa nikiamua.

Sasa nitaje yale niliyoyaona bila kuyaona. Mke wangu aliacha kutunga uzi. Alikuwa ananipa sindano anasema nitungie, nami natunga haraka haraka nikijisifia, umri huu na jicho kama la kipanga. Alianza kukaa karibu na dirisha kabisa. Alijikwaa kwenye kigoda kilichokuwa kushoto kwake darasani, mara moja, mara mbili, mpaka mwalimu akakiondoa. Aliwauliza wenzake rangi. Dukani alivigusa vitambaa kwa kidole gumba, akavisugua shavuni, nikasema huyo ndiye fundi, anaonja kitambaa kama mpishi.

Na kabla ya hayo yote alikuwa ameniambia. Ni lazima niliandike hili kama lilivyo. Safari zetu zikiwa bado changa, tukitoka Kongwa, alisema macho yake yana mchanga na pembeni kunaingia kiza. Wiki hiyo hiyo, mnadani, nikamwita mchuuzi wa miwani, wale wanaoipanga kwenye sinia. Nikaichagua mwenyewe. Nikamvalisha palepale mbele ya watu, nikamwambia asome maandishi kwenye kanga ya mama mmoja aliyekuwa anapita. Akasoma. Nikapiga makofi. Kwa mwezi mzima nilisimulia kila kituo jinsi nilivyomtibu mke wangu kwa shilingi elfu tano wakati wengine wanapanga foleni hospitali. Yeye yupo pembeni anasikiliza.

Binti yetu alipopata mchumba, mama yake akaanza blanketi la harusi. Kazi ya miezi saba. Mpango wake ulikuwa hivi: pembeni vitenge vya njano na nyekundu, vipande vya nguo za binti mwenyewe tangu utotoni, na katikati mraba mkubwa wa vipande kumi na sita vya bluu iliyoiva, popolini tuliyoinunua kwa yule mzee. Hiyo bluu alisema ni anga la Kondoa jua likiwa linakaribia kuzama, kabla halijawa usiku. Alilishona lote mwenyewe. Hakutaka nishike hata mshono mmoja, alisema nitamharibia mtoto ndoa.

Mwalimu akasema kazi kama ile isiende kwenye kabati la mkwe kabla watu hawajaiona. Yalikuwepo maonyesho ya kazi za mikono ya akina mama, hapa Dodoma mjini, kwenye ukumbi. Vikundi vinakuja kutoka wilayani, vinapanga mikeka, vikapu, sabuni, batiki. Darasa letu likapewa ukuta mmoja. Mimi mwenyewe ndiye niliyepanda ngazi kulitundika blanketi la mke wangu, mimi ndiye niliyevaa suti, na mimi ndiye niliyesimama chini yake kueleza. Kuanzia saa tatu asubuhi sikufunga mdomo. Huyu ni mke wangu. Kashona kwa mkono. Hii hapa ni sketi ya binti akiwa chekechea. Linauzwa? Haliuzwi, mama, hata ulete lori.

Nilikuwa naona kwamba watu wakifika pale wanapunguza sauti. Nikadhani ni heshima. Wanawake wanatazama katikati, wanatazamana, wanasema hongereni, wanaondoka. Mpaka alipofika mama mmoja mtu mzima, Mgogo, mrefu, ana fimbo. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Akanyoosha mkono, akakishika kipande cha katikati kwa vidole viwili, akakisugua.

"Baba," akasema, taratibu, bila kutaka wengine wasikie, "huyu binti yenu anaolewa au mmefiwa?"

Nikamwambia anaolewa.

"Sasa mbona mnamlaza kwenye kaniki?"

Nikatazama. Nimeliweka ukutani mwenyewe, nimelitazama toka asubuhi, na nyumbani nililiona likikua miezi saba. Ilikuwa kaniki. Ile nguo nyeusi nyembamba ambayo wanawake wetu hujifunga msibani. Nami niliijua ni ipi. Ni ile mke wangu aliyojifunga mama yake alipofariki, akaifua ikalainika kama popolini, akaikunja na kuiweka kwenye kikapu karibu na ile popolini ya bluu. Vipande kumi na sita, kona zimekutana vizuri sana, na hakuna hata kimoja kilichokuwa bluu. Nilikuwa nimeuona ule weusi, siwezi kudanganya. Nilidhani ndio ufundi wenyewe, na sikuuliza kwa sababu mtu kama mimi haulizi.

Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kiti hatua tano kutoka pale, anaongea na wenzake, uso wake umeng'aa. Mwalimu akanivuta pembeni, nyuma ya meza ya vikapu. Aliniambia darasa zima lilijua tangu jana yake, blanketi lilipokunjuliwa mbele yao kwa mara ya kwanza, wakashindwa kumwambia. Halafu akaniuliza kama mama anaona.

Nikakasirika. Nikamwambia mke wangu ana miwani, nilimnunulia mwenyewe, na kwamba yeye kazi yake ni kufundisha mishono asianze udaktari. Akasema, "Baba, kigoda nilikiondoa mwezi wa nne."

Tulirudi nyumbani nimelikunja blanketi kwenye mfuko, na mke wangu ananiuliza watu walisemaje. Nikamwambia walisema hongereni. Hilo halikuwa uongo.

Kesho yake asubuhi alikuwa uani, amekaa kwenye mkeka anachambua mchele kwenye sinia. Jua zuri, saa mbili hivi. Nilivua viatu. Nikamzunguka kwa nyuma, nikaja upande wa kushoto, nikainama. Nikanyanyua kiganja taratibu kuelekea jichoni mwake, vidole nimevitanua. Nikafika karibu mpaka kucha zikakaribia kope. Hakupepesa. Mikono yake iliendelea kutafuta mawe kwenye mchele, na nikaona kwamba haangalii sinia hata kidogo. Nikazunguka kulia. Huko alipepesa, lakini nilipokuwa nimefika karibu sana.

"Umemaliza kunipima?" akaniuliza. "Hata ng'ombe anasikia mtu anavyopumua, baba watoto."

Nikakaa chini, palepale kwenye vumbi. Nikamuuliza tangu lini. Akasema la kushoto lilikwisha mwaka jana, la kulia linaona kama kupitia kitambaa cha neti, na kila mwezi neti inazidi kuwa nzito. Nikamuuliza, na sauti yangu ilikuwa ya ukali, Mungu anisamehe, kwa nini hakuniambia.

"Nilikwambia. Ukaninunulia miwani."

Akaendelea kuchambua mchele, akaongea bila haraka. Alisema nilipokuwa nasimulia kila mahali kwamba nimemponya, angesemaje mbele za watu kwamba hajapona? Ningeonekanaje? Na baadaye, alisema, akaogopa kitu kingine. Aliogopa kwamba nikijua nitamwacha nyumbani.

"Kule madukani nilikuwa naona kwa mikono," akasema. "Na wewe ulikuwa unanieleza rangi. Miaka thelathini hukuwahi kuongea na mimi namna ile. Nikasema acha jicho liende."

Ndipo nikamweleza habari ya kaniki. Sikutaka, lakini blanketi lilikuwa la binti yake, na harusi ilikuwa imebaki wiki sita. Aliweka sinia chini. Akauliza vipande vyote? Nikasema vyote kumi na sita. Akajifunika uso kwa mtandio. Tangu nimwoe sijapata kumwona akilia kwa sauti ile, hata kwenye msiba wa mama yake.

Hospitali tulikwenda siku hiyo hiyo. Nilifika kama ninavyofika mnadani, kifua mbele, namtaka mkubwa wao. Mkubwa hakuwepo, tukapokelewa na daktari binti, umri wa mtoto wangu wa pili. Alimchunguza mke wangu kwa mashine karibu saa nzima. Akatuita tukae. Jicho la kushoto lilikufa kwa presha ya macho, akasema, mshipa wake umekauka, na presha hiyo haiumi, inakula kutoka pembeni kuja katikati. La kulia lina presha hiyo hiyo, na juu yake lina mtoto wa jicho, ndiyo maana bluu na nyeusi zimekuwa kitu kimoja. Upasuaji unaweza kumwondoa mtoto wa jicho na kupunguza presha. Unaweza pia usifanikiwe, naye akabaki gizani kabisa. Bila upasuaji atabaki gizani kwa hakika, swali ni lini.

Nikamwambia nitalipa. Nikamwambia asiangalie gharama, alete dawa kutoka popote, lile la kushoto lirudi. Nikaanza kutaja mali zangu.

"Mzee," akasema, "lingeletwa miaka miwili iliyopita tungekuwa na la kuzungumza. La kushoto halinunuliki."

Mke wangu akaniwekea mkono gotini ninyamaze.

Upasuaji ulipangwa wiki ya pili yake. Katikati hapo niliendesha peke yangu mpaka Kondoa kutafuta bluu, maana ile ya kwanza nilikuta imekatwakatwa kwa kazi nyingine. Yule mzee wa duka alinifungulia majora matano. Nilisimama mbele yake kama mtu aliyepotea njia. Nilikuwa nimezoea kumweleza mtu rangi, na mtu huyo hakuwepo. Mwisho nilichukua ile iliyofanana na alivyoniambia yeye, anga kabla halijawa usiku, nikakiuliza kitambaa kwa sauti: ni wewe au si wewe? Yule mzee hakucheka. Alinipimia, akakunja, akaniambia nimfikishie mke wangu salamu.

Siku ya upasuaji nilikaa kwenye benchi la korido na lile blanketi mapajani. Nilikuwa na wembe. Nikafumua kaniki kipande kimoja kimoja, mshono kwa mshono, na mishono yake ilikuwa midogo, imelingana, ameishona kwa vidole tu. Watu waliokuwa wanasubiri wagonjwa wao walinitazama, mwanamume mzima, ana mvi, anafumua blanketi. Sikumweleza mtu. Kila kipande nilichotoa nilikikunja nikakitia mfukoni, na wakati mlango ule unafunguka nilikuwa nimefikia cha kumi na moja.

Jicho lilifungwa bandeji mpaka kesho yake. Usiku ule sitausema. Asubuhi yule daktari binti alifungua bandeji, akamnyooshea vidole. Mke wangu akakodoa jicho. Akasema vitatu. Akasema viwili. Daktari akanionyesha mimi, akamuuliza huyo ni nani. Mke wangu akanitazama kwa muda, amegeuza shingo kidogo kama anavyofanya mpaka leo, akasema huyo amenenepa.

Neti ilikuwa imeondoka. Pembeni hapakurudi, daktari alituambia pasingerudi. Anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, lakini ndani ya hilo bomba kuna rangi.

Bluu niliishona mimi, vipande vyote kumi na sita, yeye amelala na dawa jichoni na haruhusiwi kuinama. Nilishona mbele yake kwenye stuli, naye ananielekeza kwa kupapasa. Ilipokwisha nikampelekea blanketi dirishani. Akalisogeza mpaka likakaribia kugusa pua, akaanza kulipitia taratibu, mstari kwa mstari. Alipofika katikati akasimama.

"Hii mishono ni ya nani?"

"Yangu."

"Mibaya," akasema. Nikamwambia nitafumua. Akakataa. Akalikunja mwenyewe, na kwenye harusi alimkabidhi binti yake mbele ya wakwe, akawaambia kwamba katikati ni kazi ya baba. Wakwe walipiga vigelegele. Mimi, ambaye najua kuongea popote pale, sikuweza kusimama nikasema neno.

Bado tunasafiri. Darasani Kondoa amewekewa kiti dirishani, na uzi namtungia bila maneno. Barabarani namweleza kilichopo kushoto kwake: mtu na baiskeli, mbuzi, duka la vitambaa lililofunguliwa juzi. Mara mbili kwa siku nasimamisha gari popote nilipo, hata kama nina ng'ombe nyuma, namwekea tone moja la dawa ya presha, nasubiri afumbe jicho lake dakika tatu. Hiyo dawa ni ya maisha. Yule daktari alinieleza kwamba kama ningempeleka wakati ule alipolalamika mchanga, lile la kushoto lingehitaji matone tu.

Kuna watu wananiuliza ilinigharimu nini, maana wanazijua mali zangu na wanadhani niliuza nyumba. Kadi, vipimo, upasuaji, kitanda cha siku mbili, dawa za miezi mitatu ya mwanzo na mita mbili za popolini ya bluu: shilingi laki saba, elfu thelathini na nne na mia tano, bei ya ng'ombe mmoja.